Mashati Yaliyokataa Kuingia

Haya, tufungue huo mlango. Wiki nzima mmenisumbua: nani anagonga? Nani huyo anayethubutu kuita "Fungua, mke wangu" nje ya chumba cha mwanamke aliyempa talaka mchana kweupe, mbele ya wafanyakazi? Mkono wa Mkasi, mwanamke huyo, uko kwenye kitasa. Anakizungusha.

Ni yeye! Mkurugenzi mwenyewe, yule aliyekuwa mumewe, mwenye karakana ya kushona sare za shule. Tai imekaa upande. Viatu vimejaa vumbi. Nyuma yake amesimama mama yake mzazi, ameshika pembe ya gunia.

"Shikamoo, shangazi," Mkurugenzi alisema akichungulia ndani.

Shangazi ndiye aliyempokea Mkasi siku alipofukuzwa. Alikuwa anatunga uzi kwenye cherehani. Hakuitika. Alilamba ncha ya uzi, akaipitisha kwenye tundu la sindano, ndipo akasema, "Mwanangu, kuna upepo unaingia. Funga mlango."

"Shangazi, tumekuja kwa amani."

"Amani? Ilikuwa wapi muda wote huu? Ilikuwa inashonwa?"

Mkasi hakucheka. "Mke wako nani hapa?" alimuuliza Mkurugenzi.

"Tuache hayo, mama. Nina shida."

"Shida yako ina mke. Mpelekee."

Mama mkwe alimsukuma mwanawe kando, akaingia bila kukaribishwa, akamimina gunia sakafuni. Mashati ya shule, meupe, mapya, yalitawanyika mpaka chini ya kitanda. "Angalia mwenyewe, mwanangu," alisema. "Mimi sina hata nguvu ya kueleza."

Mwanangu! Mmemsikia? Kwa wale mlioingia leo, niwaambie huyu mama ni nani. Karakana ile aliianzisha Mkasi. Yeye alikata, yeye alichora pateni, zile karatasi ngumu za kukatia nguo, yeye alifundisha mafundi wote. Na hakulipwa hata mshahara wa mwezi mmoja, maana Mkurugenzi alikuwa na msemo wake: mke halipwi, mke anatunzwa. Siku Bi Mdogo, mke mpya, alipoletwa nyumbani, mama huyu alisimama getini akampekua Mkasi kama mwizi. Akamkuta na pateni kwapani, akampokonya. "Hizi za mwanangu," alisema. "Wewe toka na ulichokuja nacho."

Mkasi alikuja na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Akatoka na mkasi huohuo, na jina la utani.

Sasa aliokota shati moja. Akaligeuza ndani nje. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni, akapitisha begani, akapima shingo kwa viganja. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaishika meza.

"Unacheka nini?" Mkurugenzi aling'aka.

"Niambie nani alikata."

"Shemeji yangu. Kaka yake Bi Mdogo. Ni fundi mwenye uzoefu, amefanya kazi kwenye maduka makubwa!"

"Na alikata kwenye chaki."

"Sasa ulitaka akate wapi?"

Shangazi aliacha uzi wake. Akamtazama Mkasi, naye akashika mbavu.

Niwaeleze, maana utamu wote uko hapo. Nguo ikishonwa, mshono unakula kitambaa. Kwa hiyo lazima uache nafasi pembeni, upana wa kidole hivi. Mafundi wengi huichora nafasi hiyo humohumo kwenye pateni. Mkasi hakufanya hivyo. Pateni zake zilikuwa na vipimo vya mwili mtupu. Ukishazungusha chaki, unakata nje yake, na ni mkono wako unaojua uache kiasi gani: kitambaa kigumu kidogo, kinachoteleza zaidi. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha. Fundi Mpya, huyo shemeji, alitoka kwenye duka ambako pateni huwa na kila kitu. Akaona chaki, akakata kwenye chaki. Oda nzima ya shule, jora baada ya jora.

"Na hamkulijaribisha hata moja?" Mkasi aliuliza.

"Mmoja anashona kola, mwingine mikono, mwingine vifungo," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini. "Yakikamilika yanakunjwa. Yule mama wa vifungo alisema yanaonekana madogo. Shemeji akamwambia ashone vifungo, asifikiri."

"Shule ikayarudisha."

"Ijumaa. Watoto walijaribishwa, vifungo havikutani. Shule zinafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo." Ghafla akamnyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyenitega! Uliacha pateni mbovu makusudi! Nitakupeleka polisi!"

"Twende. Nikaseme mama yako alinipokonya mali yangu, halafu mali ikamng'ata?"

"Wewe!"

"Kila mtu pale alijua tunakata nje ya chaki. Mama wa vifungo anajua. Mfagiaji anajua. Hukujua wewe peke yako, kwa sababu siku zote ulikuwa ofisini unazungusha kiti."

Mkurugenzi alilipiga teke shati lililokuwa karibu. Mama yake akapiga magoti katikati ya mashati.

"Mwanangu, maji yametufika shingoni. Kitambaa kilinunuliwa kwa mkopo wa benki. Nyumba imewekwa dhamana. Oda hii ikifa, tunatolewa nje, mimi na uzee wangu!"

Ndugu zangu, msinidanganye kwamba nyinyi mngelia. Mkasi hakulia. Alisogeza kigoda kile kifupi, cha kukalia wakati wa kumenya viazi, akakiweka mbele ya mama mkwe.

"Kaa, mama. Hapa kwetu hatupekui wageni."

Yule mama alikaa, magoti yakamfika kidevuni. Roho ya Mkasi ilisuuzika. Tangu siku ile ya getini alikuwa hajawahi kuonja kitu kitamu hivyo.

"Rudi," Mkurugenzi alisema. Sasa sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya wakati wa uchumba. "Rudi nyumbani. Okoa hii oda, karakana tutagawana nusu kwa nusu."

"Na Bi Mdogo?"

"Huyo tutampangia chumba mahali."

Moyo wa Mkasi ulimruka, msimhukumu. Karakana ile aliitia jasho lake tangu ilipokuwa banda la mbao. Nusu yake ni zaidi ya alichonacho sasa. Alitazama chumba chake: kitanda kimoja, cherehani tatu, waya wa kuning'iniza nguo za wateja. Halafu akamtazama aliyekuwa mumewe, anavyosubiri huku amekwisha kuanza kutabasamu.

"Unanigawia nusu ya jasho langu, halafu nikushukuru?" alisema. "Nendeni. Kesho asubuhi nitakuja karakana, nitawaambia bei yangu."

Mlango ulipofungwa tu, Shangazi aliruka. "Bei gani? Bei gani na wale watu? Waache wafe na mashati yao!"

"Shangazi, umelipima hili?" Mkasi alimtupia shati. "Lina lebo ya saizi ya darasa la saba. Liweke juu ya lile la darasa la sita ulilokata jana kwa mteja wako."

Shangazi aliyaweka pamoja. Bega kwa bega, kola kwa kola. Akainua macho polepole.

"Yanalingana!"

"Mshono umekula saizi moja. La saba limekuwa la sita, la sita limekuwa la tano, mpaka chini. Hakuna shati lililoharibika hapo, Shangazi. Kilichokosewa ni lebo. Tutafumua lebo tuzihamishe, tukate upya saizi kubwa peke yake, zile ndogo kabisa tuwauzie wa chekechea. Oda imekamilika."

"Na yeye hajui!"

"Hajui. Anadhani ana gunia la matambara." Mkasi alifungua simu, akatazama salio lake la benki. "Na matambara yana bei ya matambara."

Shangazi alikaa kitandani. Uso wake ulibadilika. "Mwanangu, hiyo ni hela ya ovaloki."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Hela ile niliieleza wiki kadhaa nyuma, lakini acha niirudie, maana leo inawekwa mezani yote. Mkasi alipotoka kwa mumewe alipata kazi ya usimamizi kwenye duka kubwa la nguo, kiyoyozi na mshahara wa maana. Wenzake walimwambia ametoboa. Yeye alikaa pale mpaka aliponunua cherehani ya kwanza, akaacha. Walimwita kichaa. Alilala chumba cha nyuma kwa Shangazi na kuchangia kodi, hakununua sofa, hakubadilisha simu. Harusi za wenzake hakununua sare, alizishona. Kila mshono wa pembeni aliupeleka kwa mwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, mtaa wa pili, akamlipa, na kila alipomlipa alisema: siku moja hii itabaki kwangu. Hela ya mashine hiyo ilikuwa imebaki kidogo tu itimie.

"Ukikosea hapa, tunarudi sifuri," Shangazi alisema.

"Nikipatia, oda ya shule ni yangu. Kila mwaka. Kwa jina langu, siyo la mtu." Alikunja shati taratibu. "Na yeye atasimama pale aniangalie."

Asubuhi walikuwa karakana. Fundi Mpya alishatokomea tangu Ijumaa, na pasi mpya ya umeme. Mafundi walikuwa wamekaa kwenye cherehani zilizozimwa. Walipomwona Mkasi wakasimama wote bila kuambiwa, na mama wa vifungo akapiga kigelegele, akakikatisha katikati alipomwona bosi.

Mkurugenzi alitoka ofisini amevaa tai nyingine. "Karibu, mama. Nimeagiza chai."

"Sitaki chai. Kwanza haya mashati. Utayafanyia nini?"

"Nitafanya nini? Ni takataka."

"Nitayachukua yote. Nina soko la vitambaa vya kufutia magari." Akataja bei.

"Hiyo hata uzi hairudishi!"

"Sawa. Futia wewe magari."

Aligeuka aondoke. Mkurugenzi alimdaka mkono, akauachia upesi alipoona macho ya Shangazi. "Taslimu?" aliuliza.

"Taslimu."

Alizipokea noti, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akapapasa kuhakikisha zimekaa. Shangazi aligeukia ukutani ili asicheke.

"Sasa mpigie mhasibu wa shule," Mkasi alisema. "Weka sauti kubwa, wote wasikie. Mwambie oda umeniachia mimi."

"Kukuachia? Si ulisema utaniokoa?"

"Ukishindwa oda, shule inakudai malipo ya awali. Ukiniachia, deni hilo nalibeba mimi. Huko si kuokolewa? Au ulitaka nikuokoe halafu faida ule wewe, kama zamani?"

Jasho lilimtoka Mkurugenzi. Alipiga simu. Mbele ya mafundi, mbele ya mama yake, alisema kwamba kazi imemshinda, na kwamba fundi mwenye uwezo nayo ni mtalaka wake.

Mhasibu alicheka upande wa pili. "Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtaka tangu zamani! Mimi nilidhani amefariki. Wewe si ndiye uliyetuambia amesafiri na harudi? Mpe simu."

Wakakubaliana palepale. Mkasi aliahidi sare zote kabla shule hazijafunguliwa, na mhasibu akaahidi kwamba zikifika salama, oda ya mwaka ujao ni yake pia. Zisipofika, atadaiwa yeye.

"Bado moja," Mkasi alisema akirudisha simu. "Mama, pateni zangu."

Mama mkwe aliinuka. Alizitoa pateni ukutani moja moja, akazileta mikononi kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake. Mkasi alizipokea bila asante.

Hapo ndipo alipotakiwa kuondoka. Gunia la kwanza Shangazi alikwisha kulitoa nje kwenye mkokoteni. Yaliyobaki yalikuwa ndani ya stoo, moja tu limetolewa mlangoni. Beba, ondoka, kazi imekwisha! Lakini kisasi kina njaa yake, jamani. Mkasi alitaka kuuona uso wa yule mtu akijua. Kwa ajili ya uso huo alikuwa ameshona usiku na mchana.

"Mkurugenzi," alisema. "Chukua shati la darasa la saba. Tafuta mtoto wa darasa la sita. Mvalishe."

"Kwa nini?"

"Litamkaa. Na la sita litamkaa wa la tano. Ulikuwa na kazi ya kubadilisha lebo tu, na kukata saizi moja. Siku tatu ungekuwa umemaliza."

Kwanza hakuelewa. Mafundi walielewa kabla yake. Mama wa vifungo alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamcheza. Kisha Mkurugenzi akatazama magunia, akamtazama Mkasi, akatazama simu yake mwenyewe. Rangi ilimtoka usoni. Alikaa juu ya meza ya kukatia, juu ya mavumbi ya chaki.

"Umeniibia," alinong'ona.

"Nimenunua. Uliuliza kama ni taslimu."

Siwezi kuwaficha: ulikuwa uso wa thamani. Mkasi aliutazama mpaka akashiba.

Mkurugenzi alisimama, akaweka tai sawa. "Naenda msalani," alisema kwa unyonge, akatokea mlango wa nyuma.

Alipotoka tu, mlango wa mbele ulifunguliwa ukagonga ukuta. Bi Mdogo! Kichwa wazi, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Alimpita Mkasi kama hamwoni, akafunga mlango wa stoo kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani.

"Nani ameuza nguo zangu?" aliuliza.

"Zako tangu lini?" Mkasi akamjibu. "Nimenunua kwa mwenyewe, nimelipa."

"Mwenyewe nani? Karakana hii imeandikwa jina langu. Nyumba imeandikwa jina langu. Alinihamishia vyote wiki ile aliyokupa talaka, ili usije ukadai. Huyo uliyemlipa hana hata kifungo hapa."

"Nyumba yangu?" mama mkwe alipiga yowe. "Nyumba niliyozalia watoto?"

Hakuna aliyemjibu, maana wakati huohuo nyuma ya karakana pikipiki iliwashwa. Mama wa vifungo alikimbilia dirishani. "Bosi anaondoka!" akaita. "Anaondoka na koti!"

Koti, na hela ya ovaloki ndani yake. Pikipiki ililia getini, ikafifia barabarani, ikanyamaza.

Mkasi alipiga hesabu upesi. Hela imekwenda. Oda iko shingoni mwake mbele ya mashahidi wote hawa, na shule haitauliza nani alikimbia na pikipiki. Mashati yako nyuma ya kufuli. Kila alichokusanya tangu siku ya getini kiliondoka kwa sababu alitaka kucheka.

Bi Mdogo aliliona hilo. Alivuta shati moja kutoka gunia lililobaki nje ya stoo, akachukua mkasi wa mezani, akaupanua juu ya kola.

"Nusu ya oda, dada," alisema. "Tuwe wabia. Kataa, nayachana yote, moja moja, ukiangalia."

Shangazi, aliyerudi mlangoni, alimpa Mkasi ishara kwa macho: kubali, mwanangu, kubali yaishe.

Nusu kwa nusu. Jana mume, leo mke mwenzie, na maneno ni yaleyale. Mkasi alifungua mkoba wake, akatoa mkasi wake mkubwa. Akaokota shati, akalitandika mezani vizuri kama anayetaka kulipiga pasi. Na akalikata kifuani, kutoka ubavu hadi ubavu.

"La kwanza hilo," alisema. "Kata na wewe. Tukifanya wawili tutawahi."

"Una wazimu?"

"Nilianza na mkasi mmoja. Nitaanza tena. Wewe utaanza na nini?" Akalichukua la pili, akalipasua mkono. Mama wa vifungo akaugulia kama aliyekatwa yeye. Mkasi akalichukua la tatu.

"Acha!" Bi Mdogo alipiga kelele. "Acha, dada, nakuomba! Mkopo wa benki uko kwa jina langu!"

Mkasi ulisimama hewani.

"Alisema niweke dole gumba tu," Bi Mdogo alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Alisema ni kawaida, ni kwa ajili ya karakana. Jana nimekwenda benki kuuliza. Kila kitu kizuri kiko kwangu, na deni lote liko kwangu. Kaka yangu amekimbia, sasa na yeye amekimbia. Nikiyakosa haya mashati, nafungwa mimi."

Msidhani Mkasi alimwonea huruma. Hapana. Huyu ndiye aliyelala kwenye kitanda chake shuka zikiwa bado na joto. Kumwona analia pale kulikuwa kama kunywa maji baridi wakati wa jua kali, na Mkasi aliyanywa yote. Lakini kuna mtu mmoja aliyekuwa anamdai zaidi, na huyo alikuwa barabarani, anapulizwa na upepo.

"Sikupi nusu," alisema. "Utashona hapa chini yangu, kwa ujira, kila Jumamosi unalipwa. Mimi nalipa watu. Fungua stoo."

Bi Mdogo alifungua. Shangazi na mafundi wakaanza kuhamisha magunia kabla mtu hajabadili nia.

"Kuna tatizo, mwanangu," Shangazi alisema akihema. "Saizi kubwa tunaikata na nini? Stoo haina hata kipande. Na hela ya kununua jora ndiyo hiyo imeondoka."

"Kitambaa kipo," Bi Mdogo alisema.

Wote wakageuka.

"Benki walinionyesha majora aliyonunua. Nusu yake haikuwahi kufika hapa." Alijifuta pua kwa kiganja. "Mwezi uliopita nilimfuata jioni, nikidhani ana mwanamke. Amepanga chumba nyuma ya gereji, upande wa pili wa soko. Nilichungulia dirishani. Hakuna mwanamke. Kuna majora yamepangwa mpaka darini, meupe, yaleyale ya oda. Alikuwa anayauza kidogo kidogo, na mimi nalipa."

"Amekwenda huko?"

"Hana kwingine."

Bi Mdogo aliingiza tena mkono kifuani. Safari hii alitoa ufunguo mdogo, mpya, ambao bado unang'aa.

"Nilichonga wa pili," alisema. "Hajui kama ninao."

Mkasi aliufumba mkasi wake, akautia mkobani, akafunga zipu. Aliwaachia mafundi pateni na meza, akashusha gunia lililokuwa kwenye mkokoteni, akaushika mtupu mkono mmoja.

"Tangulia," akasema.